Kizimba Namba Tisa

Kuna namna ya kukaa ambayo Rumiyati aliijua kuliko sisi sote. Mgongo umenyooka, mabega yamelegea, mkono wa kushoto umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa ubavuni mwa kizimba, na uso umegeukia ukutani kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Ndani ya kizimba mbu mia tano wa kike wanashuka juu ya ngozi, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, hadi mkono unakuwa mweusi kama uliopakwa masizi. Dakika kumi na tano. Hutikisiki wala hujikuni, kwa sababu ukitikisika unawaponda, na kila mmoja wao anakunywa kwa ajili ya mayai yake.

Mimi nilikuwa ninatikisika. Rum hakutikisika hata siku moja.

Tulikuwa wanawake tisa wa vijijini, na vizimba vilikuwa tisa, vimepangwa juu ya meza ndefu katika chumba chenye joto la mvuke nyuma ya maabara. Kazi yetu ilikuwa kuwalisha mbu hao kwa damu yetu, kila Jumatatu na kila Jumatano, kila mtu na kizimba chake. Changu kilikuwa namba nane, cha Rum namba tisa. Kwa miaka miwili na nusu nilikaa kando yake nikitazama ubavu wa shingo yake, na nadhani naijua shingo ile kuliko anavyoijua mumewe. Mumewe, Sutarno, alikuwa Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, akirudi Jawa mara moja kwa mwaka, wakati wa Idi.

"Rum, hawa mbu wanakupenda kuliko mumeo," Yu Ginah alizoea kumtania. Yu Ginah, yaani dada Ginah, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Angalau hawa wanakuja mara mbili kwa wiki, Yu," Rum alijibu, uso ukutani.

Tulicheka tukiwa tumefumba midomo, maana hata kicheko hutikisa mkono.

Mbu wetu hawakuwa mbu wa kawaida. Ndani yao walikaa bakteria wadogo sana, wasiomdhuru mtu, na mbu mwenye bakteria hao hawezi kubeba homa ya kidingapopo. Watafiti walikuwa na jambo moja la kuuliza: je, mbu hawa wakiachiwa vijijini, wakaoana na mbu wa huko na kurithisha bakteria wao, homa itapungua? Wakaigawa wilaya kwa kura. Nusu ya vijiji vikapewa mbu, nusu vikaachwa bila, ili hesabu za wagonjwa zilinganishwe. Kijiji chetu cha Sendangwuni kiliangukia upande wa kukaa bila.

Katika miaka hiyo ya kukaa bila, Wening, binti wa Rum, aliugua. Alikuwa na miaka saba. Alilazwa siku sita na dripu mkononi, na siku ya tano kitanda cha jirani yake kiliondolewa shuka asubuhi, na mwenye kitanda hakurudi. Wening alipona. Baadaye Rum alipokuja kuomba kazi ya kulisha mbu na kuulizwa ataweza nini, alijibu kwamba anaweza kukaa bila kutikisika. Alikuwa amejifunzia hospitalini, mkono wake ukiwa chini ya kichwa cha mtoto.

Sasa matokeo yalikuwa yametoka. Kule walikoachiwa mbu, homa ilipungua sana, na zamu ya vijiji vilivyosubiri ikafika. Mayai ya vizimba vyetu tisa, yaliyokaushwa juu ya vipande vya karatasi kama pilipili manga iliyosagwa, yalikuwa yapelekwe Sendangwuni Alhamisi. Nyumba mia tatu, na kila nyumba ndoo moja nyeupe ya maji uani. Mvua zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja.

Hilo ndilo lililokuwa mezani wiki ile Rum aliposhikwa na jino.

*

Rum aliishi nyumbani kwa mama mkwe wake. Kwetu mke ambaye mumewe yuko safari haondoki kwa mkwe. Anabaki awe mikono ya nyumba. Jina la mama mkwe ni Kasinah, lakini kijiji kizima tulimwita Simbok, mama. Kwa miaka arobaini Simbok alitembeza maji ya mizizi mgongoni, chupa nane ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kitambaa cha batiki: manjano na ukwaju, tangawizi, majani machungu ya wanaonyonyesha, mchele na mzizi wa kencur kwa watoto wasiopenda kula. Asubuhi alizunguka kijiji, na siku za kulisha, saa mbili kasorobo, aliketi langoni mwa maabara, kwa sababu sisi tulikuwapo pale.

Kwa ajili yetu alikuwa ameongeza chupa ya tisa. Aliyaita maji ya mikono. Mtu aliyeumwa na mbu mia tano hawezi kulala kwa kuwashwa. Anajikuna usingizini hadi ngozi inachanika. Krimu haziruhusiwi, kwa kuwa mbu huchukia harufu yake. Basi Simbok alisaga manjano, majani ya sirih, yaani tambuu, na mizizi mingine asiyoitaja, akatupa glasi moja moja kila asubuhi ya kulisha, akitutazama hadi tone la mwisho.

"Kunyweni, wanangu. Nyie ni ng'ombe wa maziwa, mnakamuliwa tu."

"Na wewe Simbok ndiye unayetupa majani," alisema Yu Ginah.

"Wewe nikupe majani gani? Wewe unahitaji hatamu."

Hakuna aliyeona ubaya wowote, hata wakubwa wa maabara. Fomu tuliyotia sahihi kila siku ya kulisha iliuliza swali moja kubwa: umetumia dawa yoyote katika wiki mbili zilizopita? Bu Hapsari, yaani Mama Hapsari, mkuu wa maabara, mwanamke wa sauti ndogo anayevua viatu hata mlangoni mwa ofisi yake mwenyewe, alikuwa ametueleza siku ya kwanza. Antibiotiki ikiwa ndani ya damu yako, mbu akiinywa, bakteria wake wanaweza kufa. Mbu hafi. Anabaki mzima, anataga, anauma, lakini mlinzi wake hayumo tena. Bu Hapsari alimwita mbu mtupu. Mbu watupu wakipelekwa kijijini, ni sawa na kuwafugia watu ugonjwa wao wenyewe.

Tuliogopa hospitali, tuliogopa maduka ya dawa. Maji ya mizizi hayakutuingia akilini. Mtu hasemi ametumia dawa kwa kuwa amekunywa chai.

Ijumaa ufizi wa Rum ulivimba. Jumamosi shavu lilikuwa kama limemeza yai la bata. Hakwenda kwa daktari wa meno, kwa sababu angeandikiwa antibiotiki, na angelazimika kuandika ndiyo kwenye fomu, na kizimba chake kingekosa damu wiki ileile ya mwisho. Alilala ubavu mmoja na kusaga mchele kwa meno ya upande wa pili. Simbok alimtazama akitafuna vile, akaenda jikoni, akarudi na glasi iliyofunikwa sahani ndogo, akaitoa kwa mikono miwili, akamwita kama mtu anavyomwita binti yake.

"Kunywa, Nduk."

Glasi iliyotolewa na mkwe kwa mikono miwili haikataliwi. Rum alikunywa asubuhi, akanywa jioni, na Jumapili vilevile. Jumatatu shavu lilikuwa limerudi mahali pake. Akaja kazini, akatia sahihi kwamba hajatumia dawa yoyote, akaingiza mkono kizimbani.

"Limetumbuka?" nilimuuliza.

"Limenyamaza tu," alisema. Kisha, akiwa bado anatazama ukuta: "Ndari, jino huwa linanyamaza haraka hivi?"

Nilimwambia amshukuru Mungu.

*

Jumanne mchana alikuwa akifagia jikoni. Chini ya jiwe la kusagia, mahali ambapo maganda ya manjano hujikusanya, ufagio ulitoa vitu viwili vyepesi vilivyobiringika sakafuni bila sauti. Kimoja nusu chekundu, kimoja nusu cha njano. Maganda ya kapsuli ya rangi mbili. Aliinua jiwe. Palikuwa na mengine kumi na matano, yamepachikana kama vikofia vya wanasesere.

Simbok alikuwa uani akianua majani.

"Simbok," Rum alisema, akiyashika kwenye kiganja, "hizi ni nini?"

"Hizo? Maganda."

"Ya nini, Simbok?"

"Ule unga wa njano wa Bu Parti. Kibandani, karibu na sabuni." Simbok hakuacha kuanua. "Naufungua kwa kucha, namimina kidogo. Unatia nguvu mizizi. Siku hizi manjano ni dhaifu, Nduk, wanayapa mbolea mno."

"Simbok, hii ni dawa."

"Dawa ni ile ya daktari. Daktari anaandika karatasi, unalipa, unangoja. Hii inauzwa na Bu Parti!"

Rum alisema kuwa hapo alisikia masikio yake yakivuma, kama anapoinama juu ya kizimba.

"Umenitilia mimi peke yangu? Ya jino?"

Simbok alimtazama kwa mara ya kwanza. "Tangu ule mkono wa Ndari uliotunga usaha. Hukuuona? Mtoto wa watu alikuwa anaoza. Wiki tatu sasa."

"Kwa Ndari tu?"

"Rum, nitampa mmoja nimnyime mwingine? Nyote mnaumwa, nyote nawaonea huruma."

Kisha akaingia ndani na majani yake.

Rum alibaki uani. Alinieleza mwaka mmoja baadaye, tukimenya vitunguu kwenye arusi ya mtu, kwamba alihesabu alikoweza kugeukia na kila upande ulikuwa na mtu aliyempenda. Akisema, atakuwa amemshitaki mkwe aliyempa pa kulala na kumlisha miaka kumi na miwili, na jina la bikizee litasambaa pamoja na maji yake: Simbok anatia vidonge. Nani atanunua tena? Akinyamaza, Alhamisi mayai yataingia kwenye ndoo mia tatu, ndoo yake mwenyewe ikiwemo, mita nne kutoka kitanda cha Wening. Kumwita mumewe hakukuwa na maana. Sutarno angesema lile analosema siku zote: usimkasirishe Simbok.

Alifagia maganda, akayafunga ndani ya jani la mgomba, akayatia mfukoni.

*

Jumatano asubuhi Simbok aliketi langoni kama kawaida, chupa ya tisa mbele. Tulikunywa. Rum alifika wa mwisho. Aliipokea glasi yake, akainama, akajifanya amekohoa, maji yakamwagikia ukingoni mwa ngazi.

"Pole, Simbok. Nimepaliwa."

"Nikuongeze?"

"Nimechelewa, Simbok."

Aliniangalia nikimalizia glasi yangu ya pili. Mimi nilipenda utamu wa ukwaju, na Simbok alikuwa akinijazia mara mbili kwa ajili ya ule mkono. Rum alipita akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bu Hapsari.

"Bu, naomba radhi," alisema mlangoni. "Nimekunywa kidonge."

Bu Hapsari alimkaribisha kiti, akauliza habari za Wening, akauliza kama nyumbani wamepata maji ya bomba, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyosaidiwa kusema jambo gumu. Halafu akauliza: "Kidonge gani, Mbak Rum?"

"Cha rangi mbili. Nilikuwa na jino."

"Lini?"

"Jumamosi na Jumapili."

"Ulikipata wapi?"

"Kibandani."

Bu Hapsari aliandika. Hakugomba. "Ahsante kwa kusema. Basi kizimba namba tisa tunakitoa, na mayai yake tunayachemsha. Vingine vinane vinakwenda kesho kama ilivyopangwa." Akainua kichwa. "Ni namba tisa peke yake, sivyo?"

"Ndiyo, Bu," Rum alisema.

Kwa hiyo alikuwa amejinasua. Simbok amesalimika, aibu ni yake mwenyewe na si kubwa, maana nani hajaumwa jino? Alikuja kwenye chumba cha mbu kuchukua fomu yake.

Chumba kile kina milango miwili, na kati yake kuna nafasi ndogo ya kusimama watu wawili, yenye kioo kirefu cha kujikagua nguo. Mlango wa ndani haufunguki mpaka wa nje uwe umefungwa, ili mbu wasitoroke. Rum aliingia katikati, mlango wa nje ukajifunga nyuma yake. Kupitia dirisha dogo alituona: migongo minane, mikono minane ndani ya mifuko, kimya. Kizimba namba tisa kilikuwa mwisho wa meza, mbu wake wamejipanga kwenye wavu upande wa kiti chake, wanamngoja.

Mimi nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa anautazama mkono wangu. Ule uliokuwa umetunga usaha wiki tatu nyuma, na sasa ngozi yake ilikuwa laini na kavu, safi kama ya mtoto, na mbu weusi wamejaa juu yake wanakunywa.

Alisimama pale muda mrefu. Kila tulipodhani atasukuma mlango, hakuusukuma. Kioo kilikuwa kinamwonyesha uso wake upande mmoja na sisi upande mwingine.

"Rum!" Yu Ginah aliita bila kugeuka. "Umegeuka sanamu au mlango umekwama?"

Rum aliuweka mkono wake kwenye kioo cha dirisha, bapa, vidole vimeachana. Kisha akageuka, akafungua mlango wa nje.

Bu Hapsari alikuwa bado ameshika kalamu.

"Bu, si namba tisa peke yake."

Alitoa jani la mgomba mfukoni, akalifungua juu ya meza. Alisema yote kwa sentensi nne, macho yakiwa kwenye yale maganda, na jina la Simbok alilitaja mara moja tu, kwa sauti ambayo Bu Hapsari alilazimika kuinama ili aisikie.

"Wote tisa?"

"Wote tisa, Bu. Kila asubuhi ya kulisha, wiki tatu."

Bu Hapsari alifunika kalamu. "Unajua mayai ya kesho yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Na mvua zinaanza lini?"

"Najua, Bu." Halafu, kama mtu anayejaribu dirisha la mwisho: "Huenda hawajaharibika? Ni unga kidogo tu, ndani ya glasi."

"Huenda," Bu Hapsari alisema. "Huenda hakuna hata mbu mmoja aliyedhurika. Lakini siwezi kuweka 'huenda' uani kwa watu, Mbak."

*

Tulitolewa vizimbani saa ileile. Karatasi za mayai zilitumbukizwa kwenye sufuria la maji yanayochemka, na vizimba vikaingizwa kwenye jokofu kubwa, mbu wafe kwa baridi, kimoja baada ya kingine. Kila mtu alikibeba chake mwenyewe. Rum alikibeba namba tisa kifuani kama mtu anayebeba kuku sokoni, na mbu wakamfuata ndani ya wavu, upande wa joto lake, hadi mlango wa jokofu ulipofungwa.

Vipimo vilichukua siku kumi. Vizimba vitano vilikuwa salama, cha Rum kikiwemo. Katika vinne walionekana mbu watupu, na kibaya kuliko vyote kilikuwa changu.

Hakuna aliyemwambia Simbok kwamba ameharibu kitu. Kwetu haisemwi hivyo. Bu Hapsari alikuja nyumbani kwake alasiri ya Ijumaa ya wiki ileile na kilo mbili za sukari na pakiti za chai, akaketi mkekani, akazungumza habari za manjano kwa muda mrefu: yale ya mlimani na yale ya bondeni, namna ya kuyakausha, bei yake ilivyopanda. Simbok alijibu kila kitu. Rum alikaa mlangoni mwa jikoni na sinia mikononi, hawezi kuingia wala kutoka. Mwishoni, akiwa amekwisha kuaga, Bu Hapsari alisema kwamba maabara imeamua walishaji wasinywe kitu chochote cha mizizi tena, ni sheria mpya tu, mambo ya makaratasi. Na kwamba zile kapsuli za kibandani zinaweza kumdhuru mtoto anayenyonya, kama Simbok atasikia mtu yeyote anazitumia, amwambie.

"Nikisikia nitamwambia," Simbok alisema.

Aliinuka, akamsindikiza mgeni hadi njiani. Aliporudi alipita mbele ya Rum kana kwamba anapita mbele ya kabati.

Tangu siku hiyo Simbok hakumsemesha. Hakumnyima chochote. Wali ulikuwapo, tempe ya soya ilikuwapo, nguo za Rum zilianuliwa na kukunjwa. Lakini maneno yalipitia kwa mtoto. "Wening, mwambie mama yako maji ya kuoga yamechemka." Na Rum, akiwa hatua mbili tu kutoka hapo: "Wening, mwambie bibi yako ahsante." Wening alikwisha kuzoea, alisimama katikati akigeuza kichwa kama anayetazama mchezo wa badminton, siku nyingine akaacha hata kurudia maneno, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshayasikia.

Chupa ya tisa ilitoweka kikapuni. Langoni Simbok hakuja tena. Kijijini alizunguka na chupa nane, na watu wakauliza mbona maji yake ya mizizi yamekuwa dhaifu, na wengine wakaacha kununua. Sutarno alipiga simu.

"Umemfanya nini Simbok?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Anasema hakuna kitu. Simbok akisema hakuna kitu, ujue kipo."

"Basi hakuna kitu," Rum alisema.

Na majirani walimwuliza kila siku kwa nini ndoo hazijaja. Aliambiwa asieleze, ili watu wasiogope mradi wote, akajibu kwamba kuna vipimo vinarudiwa. "Nyinyi mnarudia vipimo, sisi tunapigwa na mvua," mwenye duka alimwambia, na mvua zikaja kweli, mapema, zikijaza kila kifuu na kila tairi bovu. Katika wiki ya tano watoto wawili wa mtaa wa mtoni walilazwa kwa kidingapopo. Rum alikwenda kwa mama zao akiwa na machungwa na maji ya mapera, akaketi kwenye baraza la hospitali tangu asubuhi. Hakuwaambia chochote. Alikuwa anauliza chembe za kugandisha damu leo ni elfu ngapi, akizipokea kama mtu anayesomewa hukumu: arobaini, ishirini na nane, ishirini na tisa, hamsini. Ilipofika hamsini alikwenda chooni akalia. Watoto wote wawili walirudi nyumbani.

Wangelazwa hata kama ndoo zingefika Alhamisi ile, nilimwambia, kwa kuwa mbu huchukua miezi kuenea. Alinijibu kwamba anajua. Lakini kujua hakukumtoa popote.

*

Wiki ya saba vizazi vipya vya mbu vilikuwa tayari, na damu zetu zilikuwa zimepimwa na kuruhusiwa. Tulirudi kazini Jumatatu.

Alfajiri hiyo Rum alikuta Simbok ameketi jikoni, jiwe la kusagia mbele yake, na juu ya mkeka mizizi imepangwa wazi: manjano, tangawizi, majani ya sirih, donge la ukwaju. Hakuna kitu kingine. Simbok alingoja hadi Rum alipoketi. Kisha akaanza. Aliinua kila mzizi, akaugeuza huku na huku mbele ya macho ya Rum, akaukata, akausaga. Alikamua kwa kitambaa kipya. Mikono yake ilikuwa tupu, na mara mbili aliifungua viganja ili ionekane. Alimimina ndani ya glasi, akaifunika sahani ndogo, akaitoa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Nduk."

Lilikuwa neno la kwanza baada ya karibu wiki saba.

Rum aliipokea. Glasi ilikuwa ya moto. Fomu mpya ya maabara ilikuwa na mstari wa pili sasa, chini ya ule wa dawa: umekunywa maji ya mizizi ya aina yoyote? Aliinua sahani, akaivuta ile harufu, akaipeleka glasi midomoni, na maji yakagusa midomo iliyofumbwa. Mbele yake bikizee alikuwa anatazama koo lake, kama alivyotutazama sote langoni, akingoja lipande na kushuka.

Halikushuka.

Rum aliiteremsha glasi taratibu, akairudishia sahani yake.

"Ahsante sana, Simbok. Ni moto bado. Nitakunywa nikirudi."

Simbok aliitazama glasi. Wote wawili walijua saa atakazorudi, na walijua kuwa kesho ni hivyohivyo, na keshokutwa, mwaka mzima, kwa muda wote ambao mbu watahitaji kulishwa.

"Itakuwa imepoa," Simbok alisema.

"Naipenda ikiwa imepoa."

Bikizee alinyoosha mkono, akaisogeza sahani kidogo ili ikae sawa juu ya glasi, nzi wasiingie. "Nenda basi. Utachelewa kukamuliwa."

Alifika kabla yetu. Nilipoingia nilimkuta tayari amekaa, mgongo umenyooka, mkono ndani ya namba tisa, uso umegeukia ukutani. Midomoni alikuwa na rangi ya manjano hafifu ambayo hakuwa ameifuta. Nikaketi kando yake, nikaingiza wangu. Fomu yake ilikuwa mezani, imetiwa sahihi, hapana na hapana.